SOMO LA WANACHAMA: JE, MWANA AIFUATE KAZI YA MZAZI?



Somo la safari hii linahusu jambo ambalo haliandikwi katika ajenda za mikutano yetu, ilhali huzungumzwa kila jioni mialoni, penye maghala ya pamba na katika vibanda vya mafundi wa mitumbwi. Je, yafaa mkulima wa pamba, mvuvi, fundi wa mitumbwi au mama mwanika dagaa amhimize mwanawe kuishika kazi hiyo hiyo? Au amwelekeze kwingine mapema, ili asije akapata taabu alizozipata yeye?

Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la nyumbani, wala Chama hakina neno nalo. Maoni hayo si sahihi. Chama cha Ushirika kinaishi kwa wanachama, na wanachama hufa. Ikiwa wana wa wakulima hawalimi, na wana wa wavuvi hawavui, Chama kitabaki na ghala, mizani na muhuri bila watu. Kwa upande wa pili, ikiwa wana hao wanaingia katika kazi kwa kulazimishwa, Chama kitapata wanachama wasio na moyo, nao ni hasara kuliko ghala tupu.

Jibu la somo hili ni hili: mzazi asimlazimishe mtoto, wala asimkataze. Amwonyeshe kazi yote pamoja na hesabu yake, ampe haki yake ya jasho, kisha amwachie achague. Wajibu wa Chama ni kuifanya kazi yenyewe istahili kuchaguliwa. Tutalieleza jibu hilo hatua kwa hatua.

1. DAFTARI LA WANACHAMA LINASEMA NINI

Mkaguzi anapofika katika Chama huomba daftari la wanachama kabla ya vitabu vya fedha. Mara nyingi hukuta majina ya watu waliokwisha kufariki, na hisa zao zimelala bila mwenyewe. Safu ya mrithi iko wazi, au imeandikwa jina la ndugu ambaye naye hayupo tena. Hukuta pia kwamba wanachama wapya ni wachache, na kwamba wengi wao si watoto wa wanachama wa zamani.

Daftari la namna hiyo ni ushahidi kwamba mwanachama alimfundisha mwanawe kushika jembe au kutega nyavu, lakini hakumfundisha kuwa mwanaushirika. Katika kila kazi yetu mna urithi wa aina mbili. Upo ufundi wa mkono, yaani kujua msimu, udongo, upepo, mbao na nyavu. Na upo ufundi wa umoja, yaani kusoma mizani, kuuliza swali katika Mkutano Mkuu, kuelewa mizania na kumchagua mtu kwa uwezo wake. Urithi wa kwanza hupita shambani na ziwani. Wa pili haupiti wenyewe, sharti ufundishwe.

2. HOJA ZA WAZAZI

Mzazi anayemhimiza mwanawe aifuate kazi yake ana hoja nzito. Mtoto aliyekulia mwaloni huyajua maji kabla hajajua kuandika. Vyombo vipo tayari, na wateja wanaijua familia. Mtoto wa fundi wa mitumbwi huanza kwa kushika ubao na kukoroga lami, na akifikia ujana jicho lake limekwisha kujua ubao upi utapinda na upi utapasuka. Ujuzi huo huchukua miaka mingi, wala haununuliwi dukani. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Mzazi anayemkataza naye hasemi upuuzi. Mvuvi wa ziwa hili ameona mengi. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliongezeka sana katika miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, na fedha zikaonekana mialoni. Kisha kati ya mwaka 1997 na 1999 soko la Ulaya likafungwa kwa vipindi, na bei ikaanguka. Mkulima wa pamba naye ameona bei zikipanda na kushuka, mvua zikichelewa, na wanunuzi wakija na kuondoka tangu soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994. Mtu aliyepita katika hayo akimwambia mwanawe, “Usome, usiwe kama mimi,” anasema kwa mapenzi.

Lakini maneno hayo yana madhara yasiyokusudiwa. Katika nyumba nyingi mtoto huambiwa, “Ukifeli shule utakwenda ziwani,” au, “Usiposoma utalima pamba.” Kazi iliyomlisha na kumvisha inageuzwa kuwa adhabu. Mtoto akifaulu, huondoka akiidharau. Akishindwa, huingia katika kazi hiyo akiwa amekwisha kuambiwa kwamba ni ya walioshindwa. Mtu kama huyo atawezaje kukataa kokoro, au kutenganisha pamba safi na pamba fifi kwa uangalifu? Anayeidharau kazi yake huifanya kwa dharau, na hasara humwangukia kila mwanachama.

3. FUNZO KUTOKA HISTORIA YETU

Tuitazame historia ya Nyanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walinung’unikia mizani ya wanunuzi. Kulima walijua, waliyemhitaji ni mtu wa kuisoma mizani kwa niaba yao. Kutokana na haja hiyo vyama vya msingi vikaenea, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao ndio uliozaa Chama Kikuu cha Nyanza.

Aliyeongoza kazi hiyo, Marehemu Mzee Paul Bomani, alikuwa mtoto wa mhubiri. Alifanya ukarani kabla ya kuingia katika ushirika, na baadaye akawa Waziri. Mdogo wake, Marehemu Mark Bomani, alifuata sheria na akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Katika nyumba hiyo moja watoto walishika njia mbalimbali, na wakulima wa pamba walipata faida kwa kijana ambaye baba yake hakuwa na sifa ya kilimo. Basi tusidhani kwamba mtoto wa mkulima anayekwenda kusomea uhasibu amekihama Chama. Huenda siku moja ndiye atakayetusomea mizani.

Funzo la pili ni la uchungu. Mwezi Mei 1976 vyama vya ushirika vya mazao vilivunjwa, na kazi zake zikapelekwa kwa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 iliviruhusu kuanza tena, na vyama vikuu vikarudi tangu mwaka 1984. Tufanye hesabu ndogo. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1976 alikuwa kijana wa miaka 18 mwaka 1984. Katika miaka hiyo minane alijifunza kupanda, kupalilia na kuchuma pamba, kwa maana wazazi wake hawakuacha kulima. Lakini alikua bila kushuhudia Mkutano Mkuu wa chama cha msingi. Ufundi wa mkono ulipita. Ufundi wa umoja ulikatika. Pengo kama hilo linaweza kutokea tena bila amri ya mtu yeyote, ikiwa watoto wetu hawaonyeshwi Chama ni kitu gani.

4. HESABU YA KAZI: MFANO WA MTUMBWI WA DAGAA

Mzazi hawezi kumshauri mwanawe vema ikiwa yeye mwenyewe haijui faida ya kazi yake. Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya kujifunza. Mzee mmoja ana mtumbwi wa dagaa, mashine, taa na nyavu. Mabaharia ni watano, na mmoja wao ni mwanawe mwenye miaka 20. Kila mwalo una utaratibu wake wa mgao; hapa tuseme gharama hutolewa kwanza, kisha nusu ni ya mwenye mtumbwi na nusu ni ya mabaharia. Katika giza la mwezi mmoja, kabla ya mbalamwezi kuwapumzisha wavuvi, hesabu ni hii:

Mauzo ya dagaa: Sh. 2,400,000
Mafuta, taa, chakula na gharama nyingine za safari: Sh. 900,000
Baki la kugawana: Sh. 1,500,000
Fungu la mabaharia watano: Sh. 750,000, yaani Sh. 150,000 kila mmoja
Fungu la mwenye mtumbwi: Sh. 750,000

Katika fungu lake mzee analipa Sh. 150,000 za kushona nyavu na matengenezo, na Sh. 50,000 za ushuru na leseni. Anadhani amebakiwa na Sh. 550,000. Tena, kwa kuwa mwanawe “ni wa nyumbani,” hampi mgao wake wa Sh. 150,000, bali anauweka mfukoni mwake. Sasa anaona amepata Sh. 700,000, na anajisifu kwamba kazi inalipa.

Tuisahihishe hesabu hiyo. Vyombo vyote vimegharimu Sh. 9,000,000, navyo vitachakaa kwa miaka mitano, yaani miezi 60. Kila mwezi yapaswa kutengwa Sh. 150,000 za kununulia vyombo vipya. Mgao wa kijana pia si wa mzee. Toa vyote viwili, Sh. 300,000, katika Sh. 700,000. Faida halisi ni Sh. 400,000.

Mfano huu unatufundisha mambo mawili. Kwanza, sehemu ya “faida” ya wazee wengi ni jasho la watoto wao lisiloandikwa popote. Kijana akifika miaka 25 bila akiba, bila hisa na bila kauli, huondoka kwenda Mwanza mjini au machimboni Geita, na mzee hulalamika kwamba vijana wa leo hawataki kazi. Kazi anaitaka, alichokikimbia ni kufanya kazi bila mgao. Pili, mzee asiyetenga fedha za kuchakaa kwa vyombo atamrithisha mwanawe mtumbwi unaovuja. Urithi wa namna hiyo ni deni.

Mkulima wa pamba afanye hesabu ya jinsi hii hii. Aandike mbegu, dawa, vibarua, palizi, uchumaji na usafirishaji. Aandike pia siku ambazo watoto wake walichuma na kuchambua. Akiisha kuandika, amwite kijana wake, amwonyeshe karatasi. Kijana aliyeonyeshwa karatasi hiyo anaweza kuchagua kwa akili. Huenda akaona mahali ambapo baba yake anapoteza. Huenda pia akaona kwamba kazi hailipi kwa ukubwa ule, akashika nyingine kwa heshima na bila ugomvi.

5. MTOTO, SHULE NA SHERIA

Kufundisha kazi kusichanganywe na kutumikisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa. Kuanzia umri huo kazi iwe nyepesi, isimdhuru afya, wala isimzuie kwenda shule. Kazi ya hatari haimfai kabisa aliye chini ya miaka 18. Kulala ziwani usiku kwa uvuvi wa dagaa na kupulizia dawa katika pamba ni kazi za hatari. Mtoto wa shule anaweza kujifunza kushona nyavu, kupanga mbao, kutambua pamba safi, na kuandika daftari la mauzo baada ya masomo. Hayo yanamfundisha bila kumharibia.

Shule na kazi si maadui. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hilo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikazia kuunganisha masomo na kazi. Siku hizi njia zimeongezeka. Tangu mwaka 2024 sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi husoma ufundi pamoja na masomo mengine. Chuo cha uvuvi kipo Nyegezi, na mafunzo ya kilimo yapo Ukiriguru, mahali palipotoa mbegu za pamba tunazozipanda. VETA nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao kwa huo fundi aliyejifunza kwa baba yake hupimwa na kupewa cheti. Basi mtoto wa mvuvi anaweza kurudi ziwani akiwa mtaalamu wa vizimba vya samaki, na mtoto wa fundi akaunda boti kwa vipimo vilivyochorwa. Amri ya sangara wa chini ya sentimita 50 kutovuliwa ataifuata kwa kuwa ameelewa sababu yake: samaki huyo hajapata nafasi ya kuzaa.

6. MABINTI WASISAHAULIWE

Tukisema “mwana aifuate kazi ya mzazi,” wengi humfikiria mtoto wa kiume. Tujiulize: ni nani anayechuma pamba? Ni nani anayeanika, kugeuza na kuuza dagaa? Aghalabu ni mama na binti. Hata hivyo jina lililo katika daftari ni la baba peke yake, na siku akifariki hisa hutafutiwa mjomba au kaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Masharti ya vyama vyetu hayamzuii kuwa mwanachama. Binti anayeijua kazi, tena anayeipenda, ni mrithi bora kuliko mwana wa kiume aliyesukumwa.

7. CHAMA KISIWE MALI YA UKOO

Yapo pia madhara ya kurithishana kupita kiasi. Katika miji ya Ulaya ya zamani vyama vya mafundi vilifika mahali pa kuwapendelea wana wa mafundi na kuwatoza wageni viingilio vikubwa. Ufundi ukafungiwa katika koo chache, na vijana hodari wakabaki nje ya mlango. Ushirika wetu ulichagua njia nyingine. Tangu waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, mlango wa ushirika umekuwa wazi kwa yeyote anayestahili na anayekubali masharti. Kanuni ya kwanza ya ushirika duniani ni uanachama wa hiari na ulio wazi.

Maneno hayo mawili, hiari na wazi, yanalijibu swali letu. Kwa kuwa uanachama ni wa hiari, mtoto wa mwanachama naye ana hiari. Baba hawezi kumwandikisha kama anavyoandikisha ng’ombe. Na kwa kuwa uanachama uko wazi, mtoto wa mwanachama hana haki ya kurithi ujumbe wa Kamati, ukarani wala funguo za ghala. Hisa hurithiwa; madaraka huombwa na kupigiwa kura. Kijana wa jirani asiye na baba mvuvi, akitaka kujifunza, afundishwe. Kazi isiyowapokea wageni hupungukiwa na watu.

8. KAZI ZA KUFANYWA NA CHAMA

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi ikiwa na malipo ya haki na heshima, vijana wataifuata bila kuhubiriwa. Kwa sababu hiyo Katibu na Kamati wanashauriwa wafanye mambo yafuatayo:

(a) Kupitia daftari la wanachama jina kwa jina kabla ya Mkutano Mkuu ujao, na kumtaka kila mwanachama ajaze jina la mrithi wa hisa zake kwa hiari yake, akiwa hai na mwenye akili timamu.

(b) Kuwaalika vijana wa wanachama wahudhurie Mkutano Mkuu kama wasikilizaji, na kuwasomea mizania kwa lugha nyepesi.

(c) Kuwahimiza wanachama waandike mgao au ujira wa watoto wao waliofikia umri wa kazi, na kijana afungue akiba yake mwenyewe.

(d) Kumwandikisha kijana aliyetimiza umri na masharti kwa hisa zake mwenyewe, bila kungoja baba yake afariki.

(e) Kulipa wanachama kwa wakati na kutunza mizani iwe ya kweli. Mtoto aliyemwona mama yake akirudi ghalani bila malipo mara tatu amekwisha kufundishwa asiwe mwanaushirika.

(f) Kuwatumia wazee wenye ujuzi wafundishe, kila mmoja kijana mmoja au wawili, wawe wa ukoo wao au wasiwe.

Mambo haya hayahitaji mkopo wala ruzuku. Yanahitaji daftari, kalamu na wazee walio tayari kuonyesha hesabu zao kwa watoto wao. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana mzee hupenda kuheshimiwa bila kuulizwa. Lakini kijana aliyeonyeshwa hesabu humheshimu mzee wake zaidi, kwa kuwa sasa anajua gharama ya kila karo na kila sahani ya ugali.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika Chama chenu, ni wanachama wangapi ambao mtoto wao mmoja au zaidi ni mwanachama? Sababu ni nini?

2. Katika mfano wa mtumbwi wa dagaa, mzee angefanya nini ili kijana wake awe mwenzi wa kazi badala ya kibarua asiyelipwa?

3. Mwanachama anasema, “Mwanangu amesoma, kumrudisha shambani ni aibu.” Mtamjibu nini?

4. Mabinti wa wanachama hufanya kazi zipi katika zao au uvuvi wenu, na ni wangapi majina yao yamo katika daftari?

Katibu ayasome maswali haya katika mkutano wa wanachama, aandike majibu katika kitabu cha kumbukumbu, na ahakikishe kuwa vijana wamo mkutanoni majibu yanapotolewa.